Udongo Uliochemka

Tone la tindikali lilipogusa udongo mweusi, udongo ukachemka. Chekecheke akakunja uso. Akachota kidogo kutoka trei ya pili, akadondosha tone jingine, akainamisha sikio. Povu jeupe likapanda na kupasuka. Trei ya tatu vilevile. Ya nne hakutaka hata kuisikiliza, lakini aliipima, kwa sababu yeye si mtu wa kuacha jambo katikati.

"Shemeji," alisema, chumbani mwake pale maabara hamna mtu mwingine, "hapa umenichezea."

Tuelezane mapema, maana wapo watakaosema udongo kuchemka ni ajabu gani. Udongo wenye chembe za jiwe la chokaa ukiutilia tindikali lazima uchemke, na msitu uliokuwa ukichunguzwa na maabara ile umeota juu ya majabali ya chokaa tupu. Sasa kosa liko wapi? Kosa liko hapa. Msitu ule una udongo wa aina mbili. Upo wa mabondeni, katikati ya mawe, mwekundu, mzito, uliojaa vipande vya jiwe na maganda ya konokono. Huo huchemka na hakuna anayeushangaa. Na upo wa juu ya majabali, ambako majani yameanguka na kuoza miaka nenda miaka rudi mpaka yakawa godoro jeusi. Godoro hilo limelala juu ya chokaa, lakini lenyewe ni majani matupu, na chembe ya chokaa ikijitokeza, mvua huiosha na kuishusha kwenye nyufa. Huo ni udongo mchachu. Ukiutilia tindikali, hunyamaza. Safari zote zilizopita ulinyamaza. Safari hii unapiga kelele.

Na anayepanda majabali kuuleta ni mtu mmoja tu, mume wa mdogo wake.

Jina la Chekecheke alipewa na wafanyakazi wenzake, kwa kuwa kazi yake ni kuanika udongo, kuutwanga kwenye kinu na kuuchekecha. Wenye ulimi mrefu walisema sababu ni nyingine: hata salamu yako huipitisha kwenye matundu kwanza ndipo akujibu. Ukimwambia habari za asubuhi, atakutazama kidogo ajue unataka kuazima nini. Mwenyewe alilipenda jina hilo. Alisema dunia hii ukimeza kila unachopewa utavunja meno.

Shemeji naye walimwita Mbuzimawe, kama yule mnyama mdogo anayerukaruka miambani. Kabla ya hapo alikuwa kiwanda cha mbao, kiwanda kikafungwa, akakaa nyumbani muda mrefu mpaka nyumba ikawa haikaliki. Mdogo mtu alikuwa haishi kuja kulia kwa dada yake. Chekecheke akaona yamezidi, akaenda kwa Daktari. Daktari huyu si wa sindano. Ni wa misitu, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na utafiti wote ule ni wake. Akamwambia, "Mchukue huyu. Akikudanganya yeye, hesabu nimekudanganya mimi."

Maneno makubwa hayo, na Chekecheke hakuwa na tabia ya kumsemea mtu. Lakini Mbuzimawe alipanda, alichimba, alileta, na kwa mdogo wake kicheko kikarudi. Sasa mkataba wake ulikuwa unaisha, na wiki ileile Daktari alikuwa anaamua kama amwongezee muda au atafute mwingine. Kwa hiyo povu lile lilikuwa limebeba kazi ya shemeji, amani ya mdogo wake, na neno ambalo Chekecheke alilitoa kwa kinywa chake mwenyewe.

Akafunika chupa ya tindikali, akawapukuta sisimizi wawili waliokuwa wakizunguka ukingo wa trei. Wadudu wale walikuwa wamemchosha. Udongo wa mabondeni hawakuujali, lakini huu wa majani waliupenda kama sukari, na tangu aanike mzigo huu alikuwa akipigana nao kwa njia aliyoachiwa na bibi yake: mstari wa unga mweupe kwenye ukingo wa rafu, hawavuki. Unga aliutoa stoo ya kitalu cha miche. Akauongeza kidogo pale ulipopungua, akaiwasha tena feni udongo uendelee kukauka, akafunga mlango kwa ufunguo wake na kwenda kutafuta ushahidi.

Alianzia chumba cha vifaa. Buti za Mbuzimawe zilikuwa chini ya benchi, pale anapoziweka siku zote. Akazigeuza. Soli safi. Kwenye mifereji ya mpira hamkuwa na hata kipande cha jani. Mtu aliyepanda majabali juma zima, buti zinatoka kama zimetoka dukani? Akaichukua na kamba. Kabla ya safari aliikunja yeye mwenyewe, akaifunga kwa uzi mwekundu, fundo la kwake la mara mbili ambalo hakuna mwingine anayelifunga vile. Fundo lilikuwa palepale. Kamba haikuwahi kufunguliwa.

Akakaa kwenye benchi, kamba mapajani. Moyo ulimuuma, tusidanganyane, lakini kichwa kilikuwa kinaenda mbio. Hakupanda. Magoti yamechoka, au uvivu umemwingia, akazoa udongo chini ya majabali, ule uliochanganyika na vumbi la mawe, akajaza mifuko, akalala kivulini. Ndiyo maana udongo unachemka. Kila kitu kiliingia mahali pake, kikakaa.

Alimkuta Mbuzimawe kwenye ukumbi wa nje, anakuja taratibu, ananyata kama mtu anayepita chumba cha mgonjwa. Miguuni alivaa malapa.

"Shemeji, siku hizi viatu umeviacha?"

"Joto, dada." Tangu amwoe mdogo wake, Mbuzimawe alimwita dada, na aliisema kwa namna ya kumfanya mtu atabasamu. Siku hiyo Chekecheke hakutabasamu.

"Majabali yalikuwaje safari hii?"

"Marefu, kama kawaida yake."

"Ulipanda yote?"

"Sasa udongo wa juu ningeuokota wapi, dada, sokoni?" Akacheka.

"Na kamba ilikusaidia?"

Kicheko kikakatika. Mbuzimawe akatazama ukutani, pale palipokuwa na tangazo la zamani la kuzima taa. "Kamba ni kamba," alisema, akapita.

Mtu mwenye ukweli wake hawezi kusema kamba ni kamba. Chekecheke alilichekecha neno hilo kutwa nzima na kila mara lilibaki juu ya matundu.

Jumamosi alasiri akaenda kwa mdogo wake bila kupiga simu. Alibisha hodi. Ndani kulikuwa na sauti mbili, zikanyamaza. Akasikia kitu kizito kinaburutwa sakafuni, maji yakacheza, mlango wa chumbani ukafungwa, ndipo wa nje ukafunguliwa.

"Dada, ungeniambia unakuja."

"Tangu lini naomba ruhusa?"

Sebuleni Mbuzimawe alikuwa kwenye kochi, amejifunika blanketi kuanzia magotini hadi vidoleni. Mtu wa joto yule. Sakafuni palikuwa na matone ya maji kutoka kwenye kochi hadi mlango wa chumbani, na hewani harufu ya dawa ambayo hakuitambua. Walizungumza habari za mvua, bei ya nyanya na jirani aliyehama. Chekecheke alikunywa chai ya watu huku anahesabu matone yao.

Mdogo wake alipomsindikiza hadi getini, akamshika mkono. "Niambie. Kuna nini humu ndani?"

"Hakuna kitu."

"Mumeo amefanya nini?"

Mdogo mtu akautoa mkono wake polepole. "Dada, si kila kitu ni cha kuchekechwa. Nenda salama."

Hapo ndipo alipochomwa. Mume anaweza kukudanganya, ni mtoto wa watu. Lakini mdogo wake, aliyembeba mgongoni, leo anamfungia mlango wa chumba? Wamekaa wawili wakapanga, na yeye aliyewatafutia riziki wamemweka nje ya fundo. Njia nzima alijiambia hivyo, na kadiri alivyojiambia ndivyo hasira ilivyozidi kuonekana kama haki.

Jumatatu alikuwa mlangoni kwa Daktari kabla ya chai. Alitaka kusema yeye kabla mwingine hajaligundua, isije ikaonekana kwamba alijua akaficha. Akasema yote: povu, buti, fundo. Daktari alisikiliza huku anazungusha kalamu.

"Ni shemeji yako," alisema Daktari.

"Ndiyo maana nasema mimi."

"Una hakika?"

"Watu husema uongo. Udongo hausemi."

Mbuzimawe akaitwa. Alisimama karibu na mlango, na malapa yake. Daktari akadondosha tindikali kwenye udongo wa trei mbele yake, povu likapanda, wote watatu wakalitazama mpaka likaisha.

"Ulipanda?" Daktari aliuliza.

"Nilipanda."

"Kamba haikufunguliwa. Unajua sheria. Aliyekutangulia alipanda bila kamba na buti, akavunjika nyonga. Tulikubaliana anayepanda bila vifaa harudi tena kazini. Sasa ulipandaje?"

Mbuzimawe akamgeukia Chekecheke. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa kama mtu aliyeona kitu chake mkononi mwa mwingine na anajiuliza kimefikaje huko.

"Nilipanda," alirudia.

"Basi kaa nyumbani mpaka nikuite."

Wote pale maabara wanajua maana ya kukaa nyumbani mpaka uitwe. Mbuzimawe alipofika mlangoni alisema, "Asante, dada," bila kejeli hata kidogo. Kejeli ingekuwa afadhali.

Chekecheke alirudi chumbani kwake akiwa na ushindi ambao haukumpendeza. Akasema heri amalize kabisa, apigilie msumari wa mwisho ili hata mdogo wake asipate la kusema. Kila mfuko unapofika kutoka msituni hugawanywa: nusu huanikwa kwenye trei, nusu hubaki imefungwa, na unyevu wake, ndani ya jokofu. Hiyo ni akiba. Akautoa mfuko wa kwanza wa akiba, akachota, akadondosha.

Kimya.

Akaweka sikio. Hakuna. Akatoa mfuko mwingine. Kimya. Akafungua yote, mmoja baada ya mwingine, na udongo mweusi ulikunywa tindikali kama unakunywa maji. Labda tindikali imeharibika. Akaokota ganda la konokono kutoka udongo wa mabondeni, akalidondoshea. Likafoka hadi likamrukia kidole. Tindikali ilikuwa nzima. Akarudi kwenye trei. Povu.

Udongo mmoja, mfuko mmoja, nusu inanyamaza na nusu inapiga kelele. Basi kuna mtu ameingia humu. Hilo ndilo wazo lake la kwanza, na msimshangae, ndivyo alivyo. Akamfikiria mfagiaji. Akamfikiria mlinzi, ambaye macho yake hayakuwahi kumpendeza. Nani ana ufunguo wa chumba hiki? Akawaza kwa bidii nani ana ufunguo, na ufunguo ulikuwa unaning'inia shingoni mwake.

Akachukua lenzi, akauchungulia udongo wa trei. Ndani ya weusi kulikuwa na chembechembe nyeupe, nyepesi, zimekaa juujuu. Akainua uso. Feni ilikuwa inazunguka. Chini ya feni kulikuwa na rafu, na ukingoni mwa rafu mstari wake mweupe wa sisimizi, mnene upande wa ukutani, na upande wa feni umelambwa hata haupo. Hakutaka kufanya lililobaki, lakini mkono ulishaishika chupa. Tone moja juu ya mstari. Unga ukachemka kama uji uliosahauliwa jikoni. Ilikuwa chokaa ya shambani, jiwe la chokaa lililosagwa, inayowekwa kwenye miche. Gunia lake lilikuwa stoo ya kitalu na maandishi makubwa ubavuni, na yeye alilichotea kwa kikombe siku zote hizo huku akiwaza sisimizi tu. Nyani haoni kundule.

Alikaa chini. Ufagio ulikuwa nyuma ya mlango. Mtu angeufagia mstari ule, akamwaga trei, akaanika akiba, akasema sampuli zilichanganyikana, na hakuna mtu duniani angejua. Mbuzimawe angerudi au asingerudi, hilo angeamua Daktari. Isitoshe, fundo je? Buti je? Hayo hayakuletwa na feni. Aliuangalia ufagio mpaka akajiona mwenyewe jinsi anavyouangalia, na alichokiona hakukipenda. Akazima feni, akaacha kila kitu kilivyo, akafunga mlango.

Kwa mdogo wake mlango ulikuwa wazi. Hawakuwa na sababu ya kuficha tena. Mbuzimawe alikuwa amekaa kwenye kochi, miguu juu ya kigoda, na mkewe amepiga magoti na beseni la maji ya chumvi, anampangusa nyayo kwa kitambaa. Chekecheke akaziona nyayo zile. Zilikuwa zimechanwachanwa, kovu juu ya kovu, na mipasuko mipya myekundu kwenye visigino. Jiwe la chokaa likilambwa na mvua miaka mingi hubaki na makali ya wembe.

"Unapanda pekupeku," Chekecheke alisema.

Mbuzimawe akamtazama mkewe kwanza. Kisha akajibu, kwa kuwa sasa hakuna cha kupoteza. "Kamba lazima uifunge kwenye mti wa juu. Miti ya juu mizizi yake imelala kwenye yale majani, haijashika jiwe. Niliwahi kuvuta mmoja kujaribu, ukaja mzima na godoro lake. Lakini upo mkuyu, mzizi wake umeshuka kutoka kileleni hadi ardhini, mnene kama paja. Huo haukatiki. Ila buti zinateleza juu yake. Mguu mtupu hautelezi."

"Si ungesema hivyo kwa Daktari?"

"Angenifukuza kwa hilo. Umeisikia sheria."

Ikabidi Chekecheke aseme yake. Akaisema akiwa amesimama, kwa kuwa hakuna aliyemkaribisha kiti: sisimizi, unga, feni, akiba iliyonyamaza. Alipomaliza, kitambaa kilikuwa kimesimama mkononi mwa mdogo wake.

"Ulimtafutia kazi mume wangu," mdogo wake alisema, "ukaja ukaichukua. Na sababu ni sisimizi."

"Nilimuuliza. Nilimuuliza kwa mdomo wangu."

"Hukuniuliza, dada," Mbuzimawe alisema. "Ulikuwa unanipima."

 

Asubuhi Chekecheke alimpeleka Daktari mbele ya rafu, akadondosha tone kwenye mstari, kisha tone kwenye akiba. Daktari alitazama kimoja, akatazama kingine, akauliza nani aliweka chokaa. "Mimi," alisema Chekecheke. Akasema na habari za mkuyu na nyayo, kwa ruhusa ya mwenyewe, na akaomba kama kuna wa kukaa nyumbani basi awe yeye. Daktari hakumfukuza mtu. Alisema anayejua miti ipi imeshika jiwe ni bora aulizwe kabla ya kuandikiwa sheria, na kwamba kamba sasa itafungwa kwenye mkuyu uleule. Mkataba ukaongezwa. Chumba cha udongo kikafagiliwa, trei zikaoshwa, na tangu siku hiyo sisimizi wanapita watakavyo.

Ungedhani yameisha. Safari iliyofuata Mbuzimawe akarudi na mifuko begani. Zamani angeitupa mezani, akatania kuhusu konokono waliokula chakula chake, akaomba chai na kuondoka. Sasa aliipanga mezani kwa utaratibu, akavua buti, akazigeuza soli juu ili matope na majani yaonekane, akaziweka pembeni ya mifuko. Kisha akakaa juu ya benchi.

"Pima," alisema.

"Shemeji, si lazima. Nenda kapumzike."

"Pima nikiwepo, mama."

Mama. Alisema kwa heshima zote, kama anavyomwita mama yeyote wa ofisi yoyote. Chekecheke akachukua chupa, akafungua mfuko wa kwanza, akadondosha. Wakainama wote wawili, kichwa cha huyu karibu na cha yule, wakausikiliza udongo ukinyamaza. Mfuko wa pili ukanyamaza. Wakaenda hivyo hadi wa mwisho.

"Umesikia?"

"Nimesikia, shemeji."

"Haya, mama." Akachukua buti zake, akaenda.